Hofu ya Mbwa na Chanjo ya Mwakani

Mbwa akipandishwa juu ya meza ya chuma ya daktari, tazama anapokanyaga. Mara nyingi utakuta alama za nyayo zenye unyevunyevu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyama laini za chini ya miguu, nazo hulowa anapoogopa, hata chumba kikiwa na ubaridi. Kwa hiyo kabla hujashika kipimajoto, kabla hujauliza hata jina lake, umeshapewa jibu la kipimo cha kwanza, tena bure. Nauliza leo, mabibi na mabwana, kwa nini wengi wetu hulifuta jibu hilo kwa kitambaa chenye dawa na kuendelea na kazi.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwachunguza mbwa 135 waliofikishwa kliniki. Mbwa 106 kati yao walionyesha dalili za hofu mezani, na zaidi ya mmoja katika kila kumi ilibidi aburutwe au abebwe ndipo apite mlangoni. Hao ni mbwa wa Ulaya, wamezoea kamba, wamezoea kuguswa, wengine wanalala sebuleni. Sasa mfikirieni Simba wa Mbagala au Bosi wa Kitengela, ambaye hajawahi kuvaa kamba wala kupanda gari, na mikono mingi aliyokutana nayo maishani ilikuwa imeshika jiwe.

Nimekuja na jambo moja. Hofu ya mbwa ni dalili ya kitabibu, inastahili kuandikwa kwenye faili na kutibiwa kama homa inavyotibiwa. Na katika nchi zetu ina uzito wa pili, kwa sababu mbwa aliyetishwa kwenye chanjo ya mwaka huu, mwakani haji. Asipokuja, kichaa cha mbwa kinapata njia, na hapo anayelipa ni mtoto wa jirani.

Nianze na kliniki, kisha nitawapeleka kijijini.

Hofu huharibu vipimo. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mbwa aliyeburutwa kutoka getini, akakabwa na watu watatu huku anajinasua, joto lake laweza kupanda bila ugonjwa wowote. Mapigo ya moyo yanaenda mbio, sukari ya damu inapanda, na hata chembe nyeupe za damu hubadilika, aina moja ikiongezeka na nyingine ikipungua, kiasi kwamba daktari mwenye haraka anaona maambukizi na kuandika antibiotiki. Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hofu huficha. Mbwa aliyekuwa akichechemea nyumbani tangu juzi, akifika mbele yako anatembea sawasawa. Adrenalini imefunika maumivu. Mwenye mbwa anabaki ameaibika: "Daktari, wallahi jana alikuwa hakanyagi." Mwaminini. Mwambieni akamrekodi kwa simu akiwa nyumbani, ailete hiyo video. Siku hizi nusu ya uchunguzi wangu wa miguu ninaufanya kwenye kioo cha simu ya mteja, na siuonei haya.

Hofu pia haiishi siku ile. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, wengi humkumbuka kwa mbwa wanaodondokwa mate. Kisa chake ambacho ningependa kila mwanafunzi wa tiba ya wanyama akijue ni kingine. Septemba 1924 Mto Neva ulifurika mjini Leningrad, na maji yakaingia kwenye vizimba vya mbwa wa maabara yake. Waliokolewa kwa shida. Ilibidi vichwa vyao vizamishwe chini ya maji ili wapitishwe mlangoni. Baadaye baadhi yao walikutwa wamepoteza mafunzo waliyofundishwa kwa muda mrefu. Mmoja, aliyekuwa amerudia hali yake, aliona maji kidogo yakipenya chini ya mlango, akavurugika upya. Tukio moja tu, na alama yake ikabaki. Wahenga wetu walilijua hilo bila maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wa mbwa ni koti jeupe, ni harufu ya spiriti, ni mlio wa mashine ya kunyolea manyoya, na huko wilayani ni mngurumo wa pikipiki ya ofisa mifugo. Mnaocheka mnajua ninachosema. Pikipiki ikikata kona, mbwa wa kitongoji kizima wanaingia vichakani.

Kwa nini mbwa mmoja anachomwa sindano akitikisa mkia, na mwingine anajikojolea kabla hajaguswa? Sehemu ya jibu ni damu aliyozaliwa nayo. Sehemu kubwa ni wiki zake za mwanzo. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walifanya kazi miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, wakilea watoto wa mbwa kwa mpango, na kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuna kipindi, kuanzia kama wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, ambacho mtoto wa mbwa hujifunza dunia ni nani na nani. Anachokutana nacho kwa wema katika wiki hizo hukihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho, baadaye hukikuta kigeni, na kigeni kwa mbwa ni adui hadi ithibitike vinginevyo.

Tazameni sasa tunavyolea mbwa wa ulinzi. Mtoto wa mbwa ananunuliwa akiwa na wiki sita au nane, anaingizwa bandani, anafungiwa mchana kutwa, anafunguliwa usiku watu wamelala. Wazee wanasema afungiwe "awe mkali". Anakuwa mkali kweli. Lakini ukali huo umetengenezwa kwa woga: mbwa anayemrukia kila mtu kwa sababu hajui mtu yeyote. Mwizi mwenye kipande cha nyama na subira huwa anajua kumvusha mbwa wa namna hiyo. Daktari ndiye hapati nafasi, kwa sababu yeye lazima amguse. Kuna mbwa jijini wana miaka mitano hawajawahi kuchanjwa, na mwenye nyumba anakueleza kwa fahari kwamba hakuna anayeweza kumshika, hata yeye mwenyewe. Ukimuuliza siku akivunjika mguu itakuwaje, fahari inapungua.

Pwani kuna jambo lake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani na visiwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa nayo huosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Watu wanafuga mbwa wa kulinda shamba au kuwinda, wanawalisha, wanawaita kwa majina, ila hawawapapasi. Sioni kosa hapo. Daktari anayekuja na kuwakemea watu kwa kutomkumbatia mbwa amepotea njia. Ila ajue kwamba mbwa aliye mbele yake pengine hajawahi kuwekewa kiganja mgongoni, na mkono wa daktari utakuwa wa kwanza. Kwa mbwa huyo, sindano ndiyo sehemu ndogo ya shida. Kuguswa ndiko kutisha. Zipo njia zisizomlazimu mwenyewe kushika mate: mpini wa fimbo wenye kitambaa cha kuzoesha mgongo, kamba iliyofungwa wakati mbwa anakula, sabuni na maji karibu. Pemba ilimaliza kichaa cha mbwa mwaka 2014, ugonjwa ukaingizwa tena mwaka 2016, na ukazimwa mara ya pili mwaka 2018. Kisiwa cha Waislamu watupu, takriban. Asiwaambie mtu kwamba dini inazuia chanjo.

Sisi madaktari nasi tulilelewa na ng'ombe. Mtaala wetu, toka Kabete hadi Morogoro, uliandikwa kwa nchi za wafugaji, na ni sawa ulivyo. Tulijifunza kumwingiza ng'ombe kwenye kibano, kumbana, kumchoma, kumwachia. Ng'ombe akibanwa vizuri pande mbili, mara nyingi hutulia. Tukatoka chuoni na imani kwamba mnyama anayekataa anahitaji kubanwa zaidi. Mbwa hayuko hivyo. Mbwa anayeogopa akibanwa anahesabu njia zilizobaki, na zikifungwa zote anatumia meno. Daktari Sophia Yin wa Marekani, aliyefariki mwaka 2014 akiwa bado na mengi ya kutufundisha, aliandika mwaka 2009 kitabu kizima chenye picha hatua kwa hatua kuhusu kushika mbwa na paka bila kuwatisha. Jambo kubwa ninaloliona humo ni kwamba kushika ni ufundi wa mikono kama kushona kidonda. Mikono inayoyumba humtisha mbwa kuliko mikono thabiti, na mikono migumu humtisha kuliko yote.

Kabla ya mikono, macho. Mbwa husema mapema. Analamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso pembeni lakini jicho linabaki kwako, na unaona weupe wake umejikunja kama mwezi mwandamo. Anahema kwa mdomo wazi asubuhi ya baridi ya Iringa. Manyoya yanamdondoka mezani, mengi kwa ghafla. Anakataa kipande cha nyama ambacho nyumbani angekipigania. Mkia umeingia katikati ya miguu. Kisha kuna dalili ambayo wengi huifurahia kwa kutoijua: mbwa ameganda. Hasogei, hapumui vizuri, anatazama mbele. Msaidizi anasema, "Huyu mpole." Huyo si mpole hata kidogo, amefika mwisho, na mbwa wengi waliowauma wasaidizi wangu kwa miaka hii waliganda kwanza.

Na anayenguruma? Mshukuruni. Mngurumo ni taarifa. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kunguruma hujifunza kuacha kunguruma, hajifunzi kuacha kuogopa. Mwaka unaofuata atauma kimya kimya, na watasema ameuma bila sababu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wakisikia habari za kliniki zisizo na hofu hufikiria majuu. Kweli, Marekani mwaka 2016 daktari Marty Becker alianzisha mpango mzima wa mafunzo na vyeti, na kliniki zao zina muziki laini, manukato ya kutuliza, na vyumba vya paka mbali na vya mbwa. Kliniki zetu nyingi ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, kuku wanapiga kelele kwenye boksi, na jenereta liko dirishani. Sawa. Anza na sakafu. Meza ya chuma inateleza, ni baridi, na iko juu. Mbwa anayeteleza hana nafasi ya kuwaza kitu kingine. Tandika mkeka wa mpira uliotoka kwenye gari chakavu, au achana na meza kabisa, kaa chini naye. Mbwa mkubwa wa ulinzi hana sababu ya kupandishwa popote. Kaa ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso, usimwinamie kichwani, usimkazie macho. Acha aje kunusa. Hapo kuna dakika mbili ambazo mteja ataona hufanyi chochote, na ndizo dakika zenye kazi zaidi.

Kisha dagaa. Maini yaliyochemshwa yanafaa, soseji inafaa, Kenya wana omena, ila mimi natetea dagaa: ni nafuu, wana harufu kali, wanakaa mfukoni bila kuoza, na kila mbwa wa Kanda ya Ziwa anawajua. Mbwa aje na njaa kidogo, isipokuwa ni mgonjwa au ni mchanga sana. Dagaa mmoja akiingia mlangoni, mwingine kwenye mzani, wengine wakati sindano inaingia. Tunachofanya hapo ni kazi ya Pavlov kwa kuigeuza: harufu ya spiriti ianze kumaanisha chakula. Na akikataa dagaa, usimlazimishe. Amekupa kipimo kingine cha kuandika kwenye faili.

Uchunguzi nao una mpangilio. Shuleni tulifundishwa kuanzia kichwani kwenda mkiani, na mtihanini andikeni hivyo hivyo. Kwa mbwa mwoga anza na mahali asipojali, bega au kifua, kisha songa. Masikio, mdomo na mahali panapouma viwe vya mwisho. Kipimajoto cha nyuma usikitie kwa mbwa mzima aliyekuja kuchanjwa tu, anayekula na kuchangamka. Utapata namba usiyoihitaji na kupoteza mbwa unayemhitaji. Sindano iliyotumika kuvutia dawa kwenye chupa imeshagusana na mpira na kupungua makali, kwa hiyo badilisha kabla ya kuchoma. Gharama yake ni ndogo, na mbwa anaitambua tofauti.

Kifunga mdomo wengi hukiona kama adhabu, ndiyo maana wanachelewa kukitoa hadi mbwa ameshalipuka. Kile cha kikapu, kinachomruhusu kufungua mdomo, kuhema na hata kula dagaa, ni bora kuliko vyote, na mwenye mbwa anaweza kumzoesha nyumbani kwa kuweka chakula ndani yake. Bendeji iliyofungwa kwenye pua ni ya dakika chache tu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Ukimfunga mdomo kwa bendeji Dar es Salaam mwezi wa pili, akiwa anapambana, unaweza kumuua kwa joto huku umeshika chanjo mkononi. Na mbwa wa uso mfupi usimfunge hivyo kabisa.

Mtaniambia foleni ni ndefu na hakuna anayelipia subira. Nakubali nusu. Mteja haoni subira kwenye risiti. Lakini hesabuni muda wa watu watatu kumkaba mbwa mmoja, kupangusa mkojo, kumsafisha msaidizi aliyeumwa, na mteja asiyerudi tena. Halafu kuna kanuni ambayo bosi yeyote wa kliniki anaweza kuiweka kesho: kama jambo si la dharura, na mbwa ameshafika mwisho, simamisheni. Kukata kucha kunaweza kungoja wiki. Kuzuia damu hakungoji, na hapo ndipo nusu kaputi ina kazi yake.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, kwa sababu dozi hazitangazwi ukumbini. Zipo dawa ambazo mwenye mbwa anampa nyumbani kama saa mbili kabla ya safari, akiwa bado ametulia. Zinazotumika sana sasa ni trazodoni na gabapentini, zote zilianza kama dawa za binadamu, ya kwanza ya sonona, ya pili ya kifafa. Gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa watu huweza kuwa na zailitoli, utamu unaowaua mbwa, kwa hiyo msijinunulie dukani. Asepromazini ya zamani ninaionya: peke yake hulegeza mwili zaidi kuliko inavyotuliza hofu, mbwa anaonekana amelala kumbe anaogopa bila nguvu ya kuonyesha. Na zailazini, ambayo kila ofisa mifugo anayo kwenye begi lake, ikichomwa kwa mbwa aliyekwisha kupandwa na mori huweza kukuangusha: anaonekana amezimika, unamgusa, anaamka na meno. Chomeni, zimeni taa, nyamazeni, ngojeni. Wengi wetu tunashindwa hapo kwenye kungoja.

Sasa onyo ambalo halina mjadala. Yote niliyosema yanamhusu mbwa mwoga. Mbwa aliyebadilika tabia kwa ghafla, anayeuma vitu visivyo na uhai, anayetembea bila mwelekeo, huyo usimwendee na dagaa. Hatari kuliko wote ni yule mpole anayedondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, na mwenyewe anasema amekwamwa na mfupa. Mkono usiingie mdomoni. Hiyo yaweza kuwa sura ya kupooza ya kichaa cha mbwa, na madaktari waliotafuta mfupa usiokuwepo wamejiweka hatarini kwa namna hiyo. Kila anayefanya kazi hii awe amechanjwa yeye kwanza. Akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyeuma, akiwa hai na anaweza kufungiwa, aangaliwe siku 10.

Hapo ndipo tunafika kijijini. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 vya kichaa cha mbwa kwa mwaka duniani, karibu vyote vikitokana na mbwa, na wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Kwa Kenya, iliyozindua mkakati wa kuutokomeza kati ya mwaka 2014 na 2030, ni kama 2,000. Dawa ya ugonjwa huo mtu akishaanza kuogopa maji haipo. Kinga ipo, na njia yake ya bei nafuu inapita kwa mbwa: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Ila mbwa wetu wanaishi miaka michache, wanazaa sana, na idadi hugeuka haraka. Chanjo ya mwaka jana imekufa na mbwa wa mwaka jana. Ndiyo sababu kampeni lazima irudi kila mwaka, na ndiyo sababu ninawaudhi kwa habari za hofu: asilimia 70 hiyo lazima ipatikane tena na tena, na mbwa waliobaki hai wanakumbuka.

Vijiji vinavyozunguka Serengeti vimechanja mbwa kwa miaka mingi sasa, mwanzo mkubwa wa hamasa ukiwa ni mlipuko wa distempa, ugonjwa wa mbwa, mwaka 1994 ulioua simba wapatao theluthi moja ya wale wa hifadhi. Anayefika siku ya chanjo katika kijiji chochote cha huko au cha Makueni ataona picha ileile. Gari lenye kipaza sauti chini ya mwembe. Watoto, kwa sababu mbwa wa nyumbani anamfuata mtoto kuliko baba. Kamba za katani zilizofungwa asubuhi ileile kwa mara ya kwanza maishani mwa mbwa. Mbwa hamsini wasiojuana ndani ya duara moja. Mmoja anapigana, wa pili anachomoka shingoni, mtoto anaburutwa. Mwisho wa siku ofisa anaandika kwamba mwitikio ulikuwa wastani.

Ningebadilisha mambo machache, na mengi yanafanyika kabla gari halijafika. Tangazo la mtendaji wa kijiji liseme mbwa afungwe kamba siku tatu mapema, kila jioni, wakati wa kula, kisha afunguliwe. Kamba iwe pana: kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa hakikati shingo wala hakijikazi kama katani, na fundo liache nafasi ya vidole viwili. Gari lenye kipaza sauti litangaze jana, leo likae kimya, mbali. Mbwa wangoje chini ya miti tofauti, waitwe mmoja mmoja. Wenye kelele watangulie waondoke. Mtoto abaki, ila asishike kichwa. Mtu mzima wa nyumba hiyo amshike mbwa, mtoto asimame mbele hatua chache, amwite jina, ana dagaa mkononi. Sindano ije kutoka nyuma, haraka, na mchanjaji asimwonyeshe. Alama ya waliochanjwa ipakwe kwa kalamu ya rangi. Mlio wa kopo la kupuliza umewafukuza mbwa wengi waliokuwa kwenye foleni. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wa chini ya miezi mitatu, maana chanjo inawafaa na umri huo ndio wa kuwafundisha kwamba watu wa sindano wana dagaa.

Fimbo ya kitanzi, ile ya chuma, ningeiacha kwenye gari. Ni chombo cha siku mbwa anatishia maisha ya mtu. Ikitumika mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya chanjo, unapata mbwa mmoja aliyechanjwa na kumi ambao wenyewe walishaona, wakarudi nao nyumbani. Mbwa anayekataa kabisa aandikwe kwenye daftari: jina lake, jina la mwenye nyumba, kitongoji. Aachiwe kamba. Ofisa aende kwake siku ya pili, bila umati, mbwa akiwa mahali anapopajua. Waliobaki hata hapo ni wachache, na kwao kuna matumaini mengine: chanjo ya kumeza iliyofichwa ndani ya chambo, ambayo Namibia wameijaribu kwa mbwa wasioshikika. Kwetu bado. Kwa sasa tuna daftari na pikipiki, na ninachowaomba wanaopanga kampeni za mwaka huu ni jambo dogo: petroli ya siku ya pili iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa mstari wake. Ikisubiri salio, salio halitakuwepo.

Nitapokea maswali, na kwa kuwa wamo waliokuja na mbwa na kuwaacha nje, tafadhali mtoke mlango wa nyuma, mmoja mmoja.